Msiwasingizie Wakuja, Watoto Wanaharibikia Mikononi Mwetu

Kila vijana wa Panya Road wanapovamia nyumba za watu hapa Dar es Salaam, tunasikia maneno yale yale: mji umejaa wakuja, kila mtu na mila zake, mtoto atafunzwa adabu na nani? Sisi wa Mbagala, Tandale na Vingunguti tumechoka na lawama hizo.

Mchanganyiko haukuanza leo. Kariakoo ya wazee wetu, Mzaramo, Mmanyema na Mnyamwezi walipanga nyumba moja, wakapika kwenye ua mmoja. Mtoto akionekana kijiweni saa za shule, mama yeyote alimrudisha kwao, na hakuna aliyemuuliza kabila lake.

Kilichotuzidi ni kingine. Sensa ya 2022 ilihesabu watu zaidi ya milioni 5.3 jijini, milioni moja zaidi ya mwaka 2012. Madarasa hayatoshi, na shule nyingi za msingi zinasoma kwa zamu. Mtoto wa zamu ya asubuhi akitoka, baba yuko kwenye bodaboda, mama yuko sokoni tangu alfajiri, mlango una kufuli. Aende wapi? Kiwanja walichochezea kaka zake kimejengwa fremu za maduka. Kwenye kibaraza cha fremu imewekwa mashine ya kamari, dubwi, na hapo utamkuta, sare mwilini, anatumbukiza sarafu za mia mbili alizopewa za kula. Zikiisha, wapo wakubwa zake wa kumwonyesha pa kupata nyingine. Sheria inakataza aliye chini ya miaka 18 kucheza kamari. Mwenye mashine anajua, mjumbe anajua, mtaa mzima unajua.

Yakishaharibika, ndipo tunaona magari ya polisi. Msako unazoa waliomo na wasiokuwamo, hata kijana aliyetumwa chumvi. Januari 2015 jiji zima lilikumbwa na taharuki ya Panya Road. Septemba 2022 tukarudi pale pale, na damu ikamwagika. Misako imepita, vijiwe vimebaki.

Viongozi wetu, turudishieni viwanja vya wazi, ongezeni madarasa, ondoeni mashine za kamari mitaani. Nasi majirani, Mmakonde kwa Mchaga, tujuane majina na tuambizane ukweli kuhusu watoto wetu. Tusipowalea pamoja, tutaendelea kuwaogopa pamoja.