Kompyuta Si Hakimu

Katika zama hizi imezuka imani mpya ambayo haihubiriwi na mtu, lakini ina wafuasi wengi kuliko wanaojijua. Imani hiyo husema hivi: mtu aweza kusema uongo, lakini kompyuta haiwezi. Mzazi huja na risiti mkononi, akasema kwamba karo amekwisha kuilipa. Karani hamtazami usoni, wala haitazami risiti, hutazama kioo cha mashine, kisha hujibu, "Mfumo hauonyeshi." Kwa neno hilo shauri limekwisha. Mwenye haki hurudi nyumbani kama mwizi aliyekamatwa, na karani humwita anayefuata.

Nasema waziwazi, msomaji, kwamba imani hii ni ya uongo, na ya hatari pia. Imekwisha kuwatia gerezani watu wasio na hatia, na wengine imewatia kaburini.

Kwanza tuelewane juu ya programu ni kitu gani. Programu ni maagizo ambayo binadamu ameyaandika ili mashine iyafuate. Mashine haina busara ya kukataa agizo baya, wala haina haya ya kurudia kosa. Ikiagizwa kujumlisha vibaya, itajumlisha vibaya mchana na usiku bila kuchoka. Tena programu kubwa si kazi ya mtu mmoja. Huandikwa na watu wengi kwa miaka mingi. Wengine wamekwisha kuondoka kazini, na wengine hawakupata kuonana. Penye wengi pana mengi. Kila fundi mwaminifu wa kazi hii atakuambia kwamba hakuna programu kubwa isiyo na kasoro. Ajabu ni kwamba sisi tusioijua kazi yenyewe ndio tunaoiamini kuliko mafundi wake.

Ushahidi wangu wa kwanza nauchukua Uingereza. Huko posta nyingi za vijijini na mitaani huendeshwa na wenye maduka, wanaouza stempu kwa niaba ya Shirika la Posta. Mwaka 1999 shirika lilianza kuwapa kompyuta zenye programu ya hesabu iitwayo Horizon, kazi ya kampuni ya ICL iliyokuwa mali ya Fujitsu ya Japani. Muda si muda, wasimamizi wakaanza kuona upungufu katika hesabu zao. Walihesabu fedha kwa mikono, wakarudia, wakakesha; upungufu haukuondoka. Shirika lilishikilia kwamba mkataba uliwataka waulipe. Wengine walimaliza akiba zao, wengine waliweka nyumba zao rehani. Walipopiga simu kuomba msaada, wengi waliambiwa kwamba hakuna mwingine nchini mwenye taabu kama yao.

Hilo halikuwa kweli. Kati ya 1999 na 2015 watu zaidi ya 900 walitiwa hatiani kwa wizi, udanganyifu na hesabu za uongo, kwa mashauri yaliyotegemea hesabu za programu hiyo. Hawa hawakuwa majambazi. Walikuwa watu walioaminiwa na majirani zao, na majirani hao ndio waliowapa kisogo baadaye. Mmoja wa waliofungwa alikuwa mwanamke mja mzito. Shirika lilishikilia kwamba hakuna awezaye kuzigusa hesabu za posta kutoka mbali. Kumbe wafanyakazi wa Fujitsu waliweza, tena bila ya msimamizi kujua.

Alikuwako mtu mmoja, Alan Bates, mwenye posta katika mji wa Llandudno huko Wales. Alikataa kulipa deni asilolijua, na mwaka 2003 mkataba wake ukavunjwa. Hakunyamaza. Aliwatafuta wenzake mmoja mmoja, na mwishowe watu 555 walilishtaki shirika. Desemba 2019 Mahakama Kuu iliamua kwamba Horizon ilikuwa na kasoro zilizoweza kuleta upungufu ule. Mwaka 2021 Mahakama ya Rufani ilifuta hukumu za watu 39 kwa siku moja, na mwaka 2024 Bunge lilitunga sheria ya kufuta hukumu za mamia ya wengine. Ripoti ya uchunguzi iliyotolewa Julai 2025 ilisema kwamba yamkini watu wasiopungua 13 walijiua kwa sababu ya dhuluma hiyo. Sheria iliweza kuwarudishia jina wale waliokufa, lakini haikuweza kuwarudishia uhai.

Sasa uliza, je, kosa lilikuwa nini? Kasoro ya programu peke yake haikumfunga mtu. Kasoro ni jambo la kawaida, kama ufa katika chungu. Aliyewafunga ni kiburi cha wakubwa waliojua au waliopaswa kujua, wakaona heri waangamie wanyonge kuliko kuaibika wao. Na kiburi hicho kilipata msaada wa sheria. Zamani, chini ya sheria ya 1984, aliyeleta ushahidi wa kompyuta katika kesi ya jinai Uingereza alipaswa kuonyesha kwamba kompyuta ile ilikuwa ikifanya kazi sawasawa. Sharti hilo lilifutwa kwa sheria ya 1999. Tangu hapo mashine ikahesabiwa kuwa ni sahihi mpaka mshtakiwa alete sababu ya kuitilia shaka. Lakini mwenye duka la kijijini ataipata wapi sababu hiyo, na siri za programu zimo mikononi mwa mshtaki wake?

Usidhani kwamba mambo haya ni ya ng'ambo tu. Oktoba 29, 2018, ndege ya Boeing 737 MAX ilianguka baharini huko Indonesia na kuua watu 189. Machi 10, 2019, nyingine ya aina hiyo hiyo iliondoka Addis Ababa kuja Nairobi, ikaanguka dakika chache baada ya kuruka. Walikufa watu wote 157, na Wakenya zaidi ya 30 walikuwamo. Ndani ya ndege hizo mlikuwa na programu iliyoweza kuiinamisha pua ya ndege yenyewe bila amri ya rubani. Ndege ilikuwa na vipimo viwili vya kuonyesha jinsi pua ilivyoinuka, lakini programu ilisikiliza kimoja tu. Kipimo hicho kilipodanganya, programu iliamini uongo, ikashindana na marubani wake. Kabla ya ajali ya kwanza marubani hawakuambiwa hata kwamba ipo. Hata mzee wa kijiji hukataa kukata shauri kwa kumsikiliza shahidi mmoja; wenye elimu kubwa na mali nyingi walisahau adabu hiyo ndogo.

Watetezi wa mashine watasema kwamba kompyuta hukosea mara chache kuliko mtu. Nakubali. Lakini kosa la karani mmoja humdhuru mteja mmoja, na kosa la programu huwafikia wote kwa wakati mmoja. Julai 19, 2024, kampuni ya CrowdStrike ya Marekani ilisambaza faili moja yenye kasoro, na kompyuta zipatazo milioni 8.5 duniani zikazimika. Safari za ndege zilivunjika, na hospitali na benki zikataabika, mbali sana na chumba lilikotoka kosa lenyewe.

Tena wapo wasemao kwamba mafundi wakibanwa kwa sheria, ujuzi utakufa. Tazama basi mafundi wengine. Seremala akikuuzia kiti kikakuangusha siku ya kwanza, utakirudisha, naye atatahayari. Mjenzi ambaye nyumba yake imewaangukia watu huitwa mahakamani. Lakini fungua mkataba wa programu yoyote, ule mrefu ambao watu huukubali bila kuusoma: mara nyingi utakuta kwamba mtengenezaji anakupa kitu kama kilivyo, wala haahidi kwamba hakina kasoro. Useremala haukufa kwa kuwajibika, wala ujenzi haukufa. Ufundi usiotaka kuulizwa haustahili kuitwa ufundi.

Kwetu Kenya hatuko mikono mitupu. Sheria ya Ushahidi, katika kifungu cha 106B, inaweka masharti juu ya kumbukumbu zinazotoka katika kompyuta, na kati ya hayo ni kwamba kompyuta iwe ilikuwa ikifanya kazi sawasawa. Sheria ya Kulinda Data ya 2019, katika kifungu cha 35, inampa mtu haki ya kutoamuliwa jambo zito na mashine peke yake. Lakini sheria isiyojulikana na wenye haki ni kama panga lililofichwa darini; halimkingi mtu siku ya vita.

Basi wewe unayesoma sasa darasani, kesho utakuwa mmoja wa watu watatu. Ukiwa karani, usijifiche nyuma ya kioo; itazame risiti ya mzee aliye mbele yako, na ukiona shaka, andika jina lako na uchunguze. Ukiwa fundi wa programu, usiseme "mfumo umekosea" kana kwamba mfumo ulijizaa. Mfumo una baba na mama, nao ni wewe na wenzako. Ukiwa hakimu, meneja au mwalimu mkuu, dai kwa mashine uthibitisho uleule unaoudai kwa mtu.

Na ukiwa raia wa kawaida, kama tulivyo wengi, uliza. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo, na katika zama hizi asiyeuliza hanalo analolilinda pia. Mashine tumezifanya kwa mikono yetu ili zitutumikie. Anayeipa mashine kiti cha hakimu hakuongeza akili ya mashine hata chembe. Amepunguza yake mwenyewe, na gharama yake hulipwa na asiye na hatia.