Foto ya mwezi peke yake haiwezi kutufungulia Idi

Kila mwaka Ramadhani ikikaribia, telefone zetu zinajaa foto za mwezi. Moja banasema imetoka ku Goma, ingine ku Kasongo, ya tatu hakuna anayejua imetoka wapi. Ni kamwezi kembamba sawa ukucha uliokatwa, mbingu nyekundu, mnara wa musikiti pembeni. Mara moja sité nzima inauliza: « Basi kesho tunafunga ao hapana? » Sisi tunaona foto hizo zinatuletea shida kuliko msaada, na shida hiyo inaangukia zaidi nyumba za wafanyakazi wa migodi.

Mtu wa duka anaweza kungojea habari mpaka usiku wa manane. Papa mwenye posti ya kwanza, bisi inamupitia kungali giza. Mama anapaswa kujua mapema kama atapika daku ao ataacha watoto walale. Na kwa Idi ni nguvu zaidi, juu Idi haimo kati ya feri za Leta. Mtu anaomba siku yake kwa kapita. Akiomba siku isiyo yenyewe, amepoteza mara mbili: siku ya kwanza alikaa nyumbani bure, siku ya pili wenzake wanasali na yeye yuko mu karieri, ao amekosa kazi na jina lake limeandikwa ku wasiokuja. Kwa mtu wa kontra ya miezi mitatu, hiyo si mambo ya kuchekea.

Wengine wanafikiri uchelewaji wa habari unatoka kwa viongozi wa dini. Mara nyingi unatoka kwa dunia yenyewe. Inchi yetu iko na saa mbili, na jua la Kinshasa linatua karibu dakika 50 nyuma ya jua la Lubumbashi. Wakati wale wa Kinshasa wanaanza kutazama magharibi, huku kwetu usiku umekwisha kuingia. Tena katika dakika hizo 50 mwezi unazidi kuachana na jua, kwa hiyo Kinshasa inaweza kuuona vizuri na Kolwezi haikuona kitu, na hakuna aliyedanganya. Ongeza mvua. Tangu sasa mpaka mwaka 2034 Ramadhani itakuwa inaanzia katika miezi yetu ya mvua (mwaka 2030 itaanza hata mara mbili, Januari na Desemba). Mawingu yatatuziba mangaribi mingi, na mahali ambapo wingu halipo, kuko taa kubwa za karieri na vumbi ya barabara za makamiyo.

Njo maana watu wanakimbilia foto. Lakini foto inaweza kuonyesha nini?

Mwezi unazunguka kwa siku 29 na nusu hivi. Siku unapopita upande wa jua, hauonekani kabisa. Kisha unaanza kuachana na jua, karibu nusu digrii kwa saa moja. Mufaransa mumoja, André Danjon, mutaalamu wa nyota, alionyesha tangu miaka ya 1930 kwamba mwezi ukiwa chini ya digrii 7 hivi kutoka jua, hakuna hata ukingo wa nuru unaoweza kuonekana kwa macho. Kuhesabu kwa saa, ni karibu nusu siku ao zaidi. Mwaka 1990, Mumarekani Stephen James O'Meara, mwenye macho makali sana, aliuona kwa macho matupu ukiwa na saa 15 na dakika 32. Watu wa kawaida kama sisi tunahitaji karibu siku nzima.

Sasa foto inaweza kupita macho. Tarehe 8 Julai 2013, Mufaransa Thierry Legault alipiga foto ya mwezi saa ileile ulipokuwa unapita upande wa jua, umri wake sifuri. Alikuwa na darubini, kizuizi cha kufunika jua, na kamera ya kukamata nuru ambayo jicho letu haioni, tena mchana jua likiwaka. Siku hizo njo Ramadhani ilikuwa inaanza. Lakini hakuna mutu yeyote duniani aliyeweza kuuona mwezi ule kwa jicho. Kwa hiyo hata foto ya kweli kabisa haimaanishi « mwezi umeonekana » namna dini inavyolisema neno hilo. Wapendao kusema mashine imemaliza ubishi, wafikirie foto hiyo.

Na foto za uongo, tunaweza kuzitambua bila masomo makubwa. Mwezi ni mdogo mbinguni kuliko tunavyozani: nyoosha mkono, kidole chako cha mwisho kinaufunika na nafasi inabaki. Katika foto ya telefone ya kawaida unapaswa kuwa kamstari kadogo. Ukijaza nusu ya kioo juu ya musikiti, uliza umepigwa na kitu gani. Mgongo wake wenye nuru unatazama mahali jua lilipotua, na pembe zinatazama juu. Huku kwetu karibu na ikweta unalala sawa mtumbwi. Pembe zikitazama chini, foto hiyo si ya mangaribi ya leo. Na nyota katikati ya pembe mbili ni ya bendera tu: pale kuko mwezi wenyewe, upande wake wa giza, na nyota haiwezi kupita mbele yake.

Tuchukue mwaka 2027. Mwezi utapita upande wa jua tarehe 6 Februari karibu 18h00 za Lubumbashi. Hata jua litapatwa siku hiyo, na wale wa Ivory Coast na Ghana wataona pete. Basi foto yoyote itakayotufikia mangaribi ya tarehe 6, kama « mwezi wa Likasi » ao wa wapi, ni ya uongo, hata kama aliyeituma ni shemeji. Tarehe 7, jua likitua, mwezi utakuwa na siku moja na kidogo. Utafute juu ya mahali jua lilipozama, kidogo mkono wa kuume, urefu wa ngumi moja ya mkono ulionyooshwa. Ngoja dakika 20 ao 30. Usitumie darubini mbele jua halijazama lote, macho hayana ya kubadilisha. Anayetaka foto azime flashi, aegemeze telefone ku ukuta, aguse mwezi ku kioo na apunguze nuru. Kisha aandike jina la mahali na saa. Foto isiyo na hayo mawili, sisi tunaomba isipelekwe kwa mwingine.

Idi njo itakuwa na maneno. Tarehe 8 Machi mwezi utapita upande wa jua karibu 11h30, na mangaribi yake utakuwa na saa saba tu. Hakuna jicho la kuuona ku Congo. Wanaofuata macho watamaliza siku 30 na kusali tarehe 10. Wanaofuata tangazo la inchi zingine wanaweza kusali tarehe 9. Hatuko hapa kuamua nani ana haki. Tunasema hivi: siku ni mbili tu, zinajulikana tangu leo, na hakuna sababu ya kapita kushituka usiku wa mwisho.

Delege wa wafanyakazi wapeleke karatasi ku kampani mwezi wa Januari, kabla ya ratiba ya posti kupangwa. Wale wa tarehe 9 upande mumoja, wale wa tarehe 10 upande mwingine, pamoja na majina ya wenzao wakristo watakaosimama mahali pao. Desemba 25 wale wa Idi watalipa deni hilo, kama wengi wao wanavyofanya tayari bila karatasi.