Ua ulioanguka si ugomvi wa mipaka tu

Ndugu wakazi wenzangu wa Nyarugusu,

Wiki iliyopita nilipita nyumba kwa nyumba kukagua vyoo na mabafu. Kwenye mteremko mmoja nilikuta ua wa minyaa umelalia bustani ya jirani, na bafu la nyumba ya juu limebaki wazi. Wenyewe wanabishana ua ni wa nani. Binti wa nyumba hiyo akaniambia polepole: "Dada, siku hizi naoga usiku." Hata vitambaa vyake vya hedhi havianikwi tena juani, anavikausha chini ya godoro.

Hapo ndipo ninaposema ua ni jambo la afya. Kitambaa kisichokauka vizuri kinaweza kuleta muwasho na maambukizi. Anayebana mkojo kutwa nzima akisubiri giza yuko hatarini kupata ugonjwa wa njia ya mkojo. Na usiku wa kambini tunaujua.

Wengi wetu hukimbilia kuegemeza miti na kufunga turubai. Mimi naona ni kazi bure ikiwa maji bado yanakula udongo. Ua ule haukuangushwa na upepo. Maji ya bafu yalipita kwenye mizizi kila siku, na minyaa ilikuwa imerefuka bila kupunguzwa, ikawa nzito juu. Kwanza lichimbwe shimo la kunyonya maji, mbali na ua, lijazwe mawe. Minyaa iliyolala ikatwe. Vipande vya urefu wa mkono viachwe kivulini siku kadhaa hadi utomvu ukauke, kisha vipandwe mvua zikianza, nyuma kidogo ya pale palipomomonyoka. Vikiwa bado vifupi, turubai au nyasi zizungushiwe bafu tu, si mpaka mzima.

Watoto wasikae karibu wakati wa kukata. Utomvu wa minyaa ukiingia jichoni huunguza vibaya. Osha kwa maji safi mengi kwa robo saa, kisha nenda kliniki haraka. Usitie maziwa wala dawa ya majani.

Kuhusu nani afanye kazi, maoni yangu ni nyumba zote mbili. Wa juu ndiye mwenye maji, lakini wa chini naye amelima hadi shinani, alama za jembe nimeziona. Kiongozi wa kijiji amekubali kufika Jumamosi asubuhi. Mimi nitakuja na koleo.

Mhamasishaji wa afya