Sindano ya saa 11:30

Shangazi yangu alilazwa katika hospitali moja ya mlimani, kitanda cha kwanza ukiingia mlangoni. Sindano yake iliandikwa saa 12 alfajiri. Sista akamwamsha saa 11:30, akamchoma, akaendelea na kitanda cha pili. Tulipoingia kumwona, mtori ukiwa bado kwenye hotipoti, hiyo ndiyo habari aliyotupa kabla hata ya salamu kwisha. Tukatoka nje, na benchi la ndugu wa wagonjwa likaanza kumhukumu sista wa watu.

La kwanza: anawahisha ili akamalizie usingizi. Hebu tupige hesabu. Wodi ina wagonjwa 20 wenye dawa ya saa 12, na muuguzi wa zamu ya usiku ni mmoja. Aite jina, asome chati, achanganye unga wa dawa na maji yake, avute kwenye bomba, afungue kanula, asukume taratibu, atie sahihi. Tumpe dakika 4 kwa kila mtu, ambazo ni chache. Hizo ni dakika 80. Akianza saa 12 kamili, wa mwisho atafikiwa saa 1:16, wakati zamu ya asubuhi inataka kukabidhiwa wodi. Akianza saa 11:30, wa mwisho atafikiwa saa 12:46. Na katikati ya hapo kuna mifuko ya mkojo ya kumwaga, joto na presha za kupima, na bibi wa kitanda cha 9 anayetaka kugeuzwa. Shangazi hakupendelewa wala kuonewa. Alikuwa karibu na mlango, basi.

La pili lilitoka kwa kijana aliyesema kwa uhakika wote kwamba dawa ikiingia kabla ya saa yake inazidi mwilini. Kwa dawa nyingi za wodini, nusu saa haileti tofauti ya maana. Marekani kulikuwa na kanuni ya dakika 30 kabla au baada ya saa iliyoandikwa. Wauguzi walilalamika kwamba inawakimbiza hadi wanakosea, na mwaka 2011 ikalegezwa. Taasisi ya usalama wa dawa, ISMP, ilipendekeza saa 2 kabla au baada kwa dawa ya mara moja kwa siku, saa 1 kwa nyingi za mara kadhaa kwa siku, na zile dakika 30 zibaki kwa dawa zisizovumilia kupishana.

Ila kijana hakukosea moja kwa moja, maana hizo zisizovumilia zipo. Insulini ya mlo hufuata chakula kuliko saa ya ukutani. Ndiyo maana sista huuliza kwanza kama hotipoti imeshafika kutoka nyumbani ndipo achome. Paracetamol inataka angalau saa 4 kati ya dozi na dozi, hata maumivu yakizidi. Na chanjo ya mtoto ya wiki ya 6, 10 na 14 haiwahishwi: mama anaweza kuteremka mlima na tope la masika lote lile, akaambiwa arudi kwa kuwa wiki 4 tangu chanjo iliyopita hazijatimia. Muuguzi yuleyule anayewahisha hiki ndiye anayekikatalia kile.

Kuna pia kuwahisha kwa makusudi. Mwenye kidonda kikubwa hupewa ya maumivu mapema ili imkute imeshashika wakati bandeji inabanduliwa. Kwenye hospitali kubwa kama KCMC, inayopokea rufaa za kanda ya kaskazini tangu 1971, mgonjwa aliyetangulia akiahirishwa, anayefuata huitwa chumba cha upasuaji mapema, na antibayotiki yake inamfuata. Hiyo hupimwa kwa kisu: Shirika la Afya Duniani linasema iwe ndani ya dakika 120 kabla ya kupasua.

La tatu lilinichekesha. Mama mmoja aliapa kwamba mwanawe alipewa dawa saa 6 nzima kabla ya wakati, chati ameiona kwa macho yake: imeandikwa 10:00, na sista amekuja saa 4 asubuhi. Mama, hiyo 10:00 ndiyo saa 4. Chati za hospitali huhesabu kuanzia usiku wa manane, sisi tunahesabu kuanzia alfajiri.

La mwisho: kama wao wanawahisha, na mimi nyumbani nitawahisha. Hapana. Dozi ya pili ya dawa mseto ya malaria ni saa 8 baada ya ya kwanza, na wewe huna chati wala wa kukukagua.

Wanalopaswa kulaumiwa wauguzi ni jingine, na benchi halikulitaja: kutia sahihi kwanza, dawa baadaye, au kuandika saa iliyopangwa badala ya saa ya kuchoma. Sahihi ya saa 12 kwa sindano ya saa 11:30 inamdanganya atakayepanga dozi inayofuata. Andika saa uliyochoma.

Kesho yake sista alianzia upande wa dirishani. Shangazi akachomwa saa 1 kasorobo, na tulipoingia tukamkuta amenuna: leo amecheleweshewa.