Mwanafunzi Anasoma, Ila Si Tunachompa

Hakuna lalamiko linalosikika mara nyingi zaidi katika vyumba vya walimu wa Kiswahili kuliko lile lisemalo kwamba wanafunzi hawasomi. Nimelisikia kwa miaka mingi, na kila nilisikiapo hunijia hamu ya kumwomba mlalamikaji ainame kidogo atazame chini ya madawati. Huko atakuta kitabu kisicho na jalada, kurasa zake za mwanzo zikining'inia, pembe zake zimeliwa kwa kupitishwa mkono hadi mkono, kutoka bweni la kidato cha kwanza hadi la kidato cha nne. Juu ya dawati kipo kitabu teule kilichonunuliwa kwa jasho la mzazi, nacho hata ufikapo mwezi wa saba kingali kinanukia wino. Vyote viwili ni vya hadithi, na vyote viwili viliandikwa na watu waliotaka kusomwa. Kwa nini basi kimoja kichakae na kingine kibaki kipya?

Wengi wetu hulijibu swali hilo kwa haraka: kile cha chini ni upuuzi, na vijana hupenda upuuzi. Jibu hilo siliafiki. Msomaji, hata awe na umri wa miaka kumi na mitano, huwa na sababu za kupenda na sababu za kuchukia, na aghalabu sababu hizo zina uhakiki ndani yake kuliko majibu tunayomkaririsha.

Chukua riwaya za upelelezi. Muhammed Said Abdulla wa Unguja alimleta Bwana Msa na kiko chake katika Mzimu wa Watu wa Kale, riwaya iliyoshinda shindano la uandishi kabla ya kuchapishwa mwaka wa 1960. Baada yake walikuja Faraji Katalambulla na Simu ya Kifo (1965), Elvis Musiba na jasusi wake Willy Gamba, na Ben Mtobwa na Joram Kiango wake. Wanafunzi nilipowauliza wanapenda nini humo, sikujibiwa kwamba wanapenda damu. Waliniambia kwamba mwandishi huwapa kazi. Huwawekea ushahidi mezani, huwaficha jambo moja, kisha huwaacha wapambane nalo. Mmoja alisema kwamba akimsoma Bwana Msa hujiona kama mtu aliyekaribishwa barazani, ilhali akisoma vitabu vingine hujiona kama aliyeitwa ofisini kwa mwalimu mkuu. Sijapata kumsikia mhakiki akiusema ukweli huo kwa ufupi kiasi hicho. Fauka ya hayo, Kiswahili cha Abdulla ni kitamu na kigumu, kimejaa misemo ya Unguja, na wanafunzi wale wale wanaodai kwamba msamiati wa kitabu teule umewalemea huumeza msamiati wake bila ya kulalama, maadamu wanataka kujua ni nani aliyeua.

Wala si kwamba wanazipenda kwa upofu. Vijana hao hao hulalamika kwamba shujaa wa riwaya za kijasusi hafi hata apigwe risasi ngapi, na kwamba wanawake ndani yake huwa aidha chambo aidha pambo. Wataalamu wetu wameziita riwaya za aina hii riwaya pendwa, na zile nyingine wakaziita riwaya dhati. Majina hayo huniajabisha. Ni kama kwamba kitabu kikishapendwa, udhati umekihama!

Sasa tuje kwa hizo dhati. Si kweli kwamba vijana huzichukia zote. Siku Njema ya Ken Walibora, iliyotoka mwaka wa 1996, ilipotahiniwa shuleni, ilisomwa hata na wale ambao hawakuwa na mtihani. Walibora alipofariki mwezi wa Aprili mwaka wa 2020, watu wazima waliokuwa wamekwisha kuisahau hesabu ya shuleni walimkumbuka Kongowea Mswahili kana kwamba waliketi naye dawati moja. Wasomaji walimpenda kwa sababu ni mtoto anayemtafuta babake, na anasafiri katika miji wanayoijua. Walichonung'unikia ni sadfa: mambo mengi humwangukia mtu pale pale anapoyahitaji. Nikakumbuka kwamba mtihani wenyewe hupenda kuuliza juu ya sadfa, na mtahiniwa hutakiwa kuzitaja kama pambo la kazi. Hapati alama kwa kusema kwamba zimemchosha.

Mahali ambapo nimeona wasomaji wakigawanyika kwa moto zaidi ni katika riwaya zihusuzo msichana aliyetoka nyumbani. Utengano ya Said Ahmed Mohamed (1980) inaye Maimuna, aliyefungiwa ndani na babake, Bwana Maksuudi, akatoroka, na ulimwengu ukamla nyama. Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi (1971) inaye Rosa, aliyelelewa kwa kipigo na Zakaria, hata alipopata uhuru wa chuoni hakujua autumieje. Maimuna huinuka tena, Rosa hujiua. Wavulana katika madarasa niliyofundisha walivipenda vitabu hivi kwa sababu ambazo si lazima nizieleze. Wasichana waliniletea hoja nyingine. Waliuliza kwa nini msichana akivuka kizingiti cha baba yake mwandishi humwonea kiu ya kumharibu, na kwa nini baba, aliye chanzo cha yote, hupewa kurasa chache za aibu kisha yakaisha. Mmoja alisema kwamba anaipenda Utengano na kuichukia kwa wakati mmoja, na kwamba hajui aandike lipi katika insha.

Nilimwambia aandike yote mawili. Sikuwa na hakika kwamba mtahini angempa alama, lakini nilikuwa na hakika kwamba alikuwa amekisoma kitabu. Mwongozo wa mtihani ungemwambia kwamba maudhui ni malezi, ndoa na nafasi ya mwanamke, na angeyaorodhesha hayo matatu bila ya kumwonea Maimuna uchungu hata kidogo. Ikumbukwe pia kwamba Rosa Mistika ilipata kupigwa marufuku katika shule za Tanzania, na marufuku hiyo, kama kawaida ya marufuku, iliwaongeza wasomaji.

Kezilahabi huyo huyo ndiye aliyetuandikia Nagona (1990) na Mzingile (1991), vitabu vyembamba ambavyo mtu aweza kuvimaliza kwa jioni moja asijue alikotoka wala aendako. Bina-Adamu! ya Kyallo Wadi Wamitila (2002) imo katika njia hiyo. Wanafunzi wengi huvikataa. Husema havina mahali, havina saa, na wahusika wake hawali wala hawalali. Mimi navipenda, hasa Nagona, lakini siafikiani na walimu wenzangu wanaomjibu mwanafunzi wa aina hii kwa kumwambia kwamba hana kina. Kusema "sikuelewa" ni ushahidi kwamba mtu alijaribu. Vitabu hivi ni vya msomaji aliyekwisha kushiba hadithi za kawaida na sasa anataka kuona zikivunjwa. Mwenye njaa hufurahii kumwonyesha chungu kilichopasuka.

Kwa Shaaban Robert hali ni kinyume chake. Hapo lalamiko ni kwamba kila kitu kinajulikana mapema mno. Mtu akiitwa Adili, atakuwa mwadilifu. Akiitwa Majivuno, ya nini kusoma zaidi? Lalamiko hilo lina haki yake. Walakini nimeona likipungua nguvu mwanafunzi anapoelezwa kwamba Kusadikika ilichapishwa mwaka wa 1951, wakati Tanganyika ilipokuwa chini ya Waingereza, na kwamba hadithi nzima ni ya mtu aliyesimamishwa kizimbani kwa kosa la kutaka watu wafundishwe sheria. Ghafla Karama si jina tu. Ni mtu anayejitetea mbele ya serikali kwa kusimulia habari za wajumbe walioteswa kabla yake, na darasa huanza kuuliza ni nani hasa aliyekuwa akishtakiwa. Lugha yake hawajaichukia kamwe. Huinakili katika insha zao, mara nyingine pasipo mahali pake.

Nimeliacha la ushairi makusudi, kwa kuwa ndilo donda. Ukiuliza darasa lolote ni utanzu gani wanaouchukia, mikono itapanda pamoja. Na bado vijana hao hao wanakariri nyimbo nzima nzima zenye vina vya ndani na vya nje, bila ya kukosea silabi. Hawauchukii ushairi. Wanachokichukia ni kuhesabu. Tunawapa shairi, na kabla hawajajua linasema nini tunawauliza lina beti ngapi, mishororo mingapi kila ubeti, kama mizani ni kumi na sita au la, na bahari yake ni ipi. Sheria hizo zina heshima yake. Amri Abedi aliziandika vizuri mwaka wa 1954, na mabishano yaliyozuka baada ya Kezilahabi kutoa Kichomi mwaka wa 1974, kuhusu kama shairi lisilo na vina ni shairi, yalikuwa mabishano ya watu waliojali. Darasani tumeyarithi mabishano, tukaisahau ile hamu iliyoyaleta.

Mwaka mmoja nilijaribu njia nyingine. Kabla ya kufungua Sauti ya Dhiki ya Abdilatif Abdalla, nilieleza tu kwamba mwandishi alifungwa kati ya mwaka wa 1969 na 1972 kwa sababu ya waraka uliouliza Kenya inakwenda wapi, kwamba mashairi hayo aliyaandika gerezani, mengine juu ya karatasi za chooni, na kwamba yalichapishwa mwaka wa 1973. Sikusema neno juu ya arudhi. Mwanafunzi wa nyuma ndiye aliyeuliza: mtu aliye katika hali hiyo, na karatasi ya namna hiyo, alipata wapi subira ya kutimiza mizani? Tukazungumza kuhusu mizani kwa kipindi kizima, nami sikuwa nimeianzisha. Sisemi kwamba wote waliupenda ushairi siku ile. Kimvita kiliwatatiza, na baadhi walisema wazi kwamba wangependa shairi ambalo halihitaji kamusi. Hao niliwapa Chembe cha Moyo ya Alamin Mazrui (1988), iliyo huru zaidi katika umbo. Waliipenda, kisha wakagundua kwamba wepesi wa umbo si wepesi wa maana.

Tamthilia nitaipitia upesi. Kuisoma kimya ni kama kusoma orodha ya mapishi. Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, kuhusu vita vya Maji Maji vya mwaka wa 1905 hadi 1907, huwachosha wakiisoma kwa kupokezana aya wakiwa wameketi, na huwatetemesha wakisimama na kuiigiza. Shule zetu hupeleka michezo katika tamasha za kitaifa za maigizo kila mwaka, halafu zikarudi darasani kuisoma tamthilia teule kana kwamba ni sura ya jiografia. Hadithi fupi nazo hupendwa kwa ufupi wake na kulaumiwa kwa kuishia njiani, na sioni la ajabu katika hayo.

La ajabu ni jinsi tunavyoyapokea maoni hayo. Tangu mtihani wa KCSE ulipofanywa kwa mara ya kwanza mwaka wa 1989, tumezalisha vizazi vya watahiniwa wawezao kutaja mbinu kumi za uandishi katika kitabu wasichokimaliza. Mwongozo unanunuliwa kabla ya riwaya, na mara nyingine badala yake. Katika shule moja niliyofundisha, kabati la riwaya lilikuwa na kufuli, ufunguo ukikaa kwa mtu ambaye hakuwa mwalimu wa lugha, na nilipouliza sababu niliambiwa kwamba vitabu vikiazimwa huchakaa. Vilikuwa safi kweli kweli. Baadhi vilikuwa na kurasa ambazo hazijapata kutenganishwa.

Simlaumu mwalimu mwenye darasa la wanafunzi sitini na silabasi isiyomalizika. Lakini kuna mambo mawili yasiyohitaji fedha wala kibali. La kwanza ni kipindi kimoja kwa wiki cha kusoma tu, kila mmoja akiwa na kitabu alichokichagua mwenyewe, awe ni Bwana Msa au Willy Gamba, pasiwepo swali mwishoni. La pili ni kumruhusu mwanafunzi aandike kwamba hakukipenda kitabu, kwa sharti kwamba aonyeshe ni katika ukurasa gani kilipomchukiza na kwa nini. Sharti hilo ni zito kuliko linavyoonekana, kwani hakuna mwongozo utakaomsaidia kulitimiza.

Nililiweka sharti hilo kwa kidato cha tatu muhula mmoja. Kijana mmoja aliniletea kurasa nne dhidi ya Kichwamaji (1974), akimshutumu Kezilahabi kwa kumwacha Kazimoto ajiue badala ya kumpa kazi ya kufanya. Hoja yake sikuikubali, nikamwandikia pembeni sababu zangu, naye akanijibu kwa kurasa mbili zaidi. Kichwamaji haikuwa miongoni mwa vitabu teule vya mwaka ule.