Lori, mkaguzi na Kiingereza cha barabarani

Tangu Juni 25, 2025, dereva wa lori nchini Marekani anayeshindwa kujibu maswali ya mkaguzi kwa Kiingereza huzuiwa kuendelea na safari. Sharti lenyewe ni la zamani. Amri ya Rais Donald Trump ya Aprili mwaka huo ilirejesha adhabu iliyokuwa imelegezwa mwaka 2016.

Miongoni mwa walioguswa ni wasemaji wa Kihispania, lugha inayozungumzwa majumbani na watu zaidi ya milioni 40 nchini humo. Kihispania, kama Kiswahili, husema mtu "ana" miaka 30, na kitenzi chake humtaja mtenda bila kuhitaji kiwakilishi. Kiingereza hakiruhusu. Hata swali jepesi la "unatoka wapi?" huweza kudai kitenzi kisaidizi "do", ambacho wasemaji wazawa hukimeza. Dereva aliyejifunza vitabuni hukisubiri, asikisikie.

Masomo ya mwanzo aghalabu huanzia kwenye salamu na kuagiza chakula. Mkaguzi huuliza shehena, safari na saa za kazi, tena bila mkalimani wala simu ya kutafsiri.

La ajabu, mwongozo wa Mei 2025 uliagiza kwamba katika ukanda wa biashara mpakani na Mexico dereva aandikiwe kosa tu, kisha aruhusiwe kuondoka.