Mgogo Asiye na Jina: Maandishi ya Postikadi za Kale za Ugogo

Postikadi ya picha ina pande mbili, lakini wakusanyaji wengi huthamini upande mmoja tu. Upande wa picha hutazamwa na kupigwa bei. Upande wenye salamu, stempu na muhuri wa posta hugandishwa kwenye albamu na kupotea machoni. Kwa mwanaisimu hasara hiyo si ndogo. Hata hivyo, upande wa picha nao una maandishi, nayo ni ule mstari mmoja uliopigwa chapa chini ya sura ya mtu. Idara za Kiswahili hazijaushughulikia mstari huo ipasavyo, pengine kwa sababu ya ufupi wake.

Kadi ya posta isiyo na picha ilianza kuuzwa Austria-Hungaria mwezi Oktoba 1869, na kadi za picha zikashamiri katika miaka ya 1890. Mwanzoni upande mmoja mzima ulitengwa kwa anwani, hivyo mtumaji alibana salamu zake pembezoni mwa picha. Uingereza iliruhusu upande huo ugawanywe mwaka 1902, Ujerumani mwaka 1905; kwa sababu hiyo mahali palipoandikwa salamu husaidia kukadiria umri wa kadi. Unguja biashara hiyo ilihusishwa na Wagoa, akiwamo A. C. Gomes, Dar es Salaam ilikuwa na Walther Dobbertin na C. Vincenti. Reli ya Kati, iliyoanza kujengwa kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, ilifika Dodoma mwaka 1910 na Kigoma mwaka 1914, ikawarahisishia wapiga picha safari ya bara. Mvumi haikupata bahati hiyo, kama kweli ilikuwa bahati. Katika enzi ya misafara ilikuwa kituo mashuhuri, na Stanley alipita hapo mwaka 1871, wakati Ugogo ilipojulikana kwa hongo, neno ambalo siku hizo lilimaanisha ushuru wa njia na si rushwa. Reli ikapita Dodoma, nayo Mvumi ikabaki kando, upande wa kusini-mashariki.

Kadi nyingi za koloni la Kijerumani zilichapwa Ulaya, na tahajia ya enzi hiyo inajulikana kwa majina kama Daressalam, Kilossa na Mpapua. Mambo hayo huwachekesha wasomaji wa leo, ingawa si ndiyo yenye uzito. Uzito uko kwenye kiambishi ngeli. Katika Kiswahili, "Mgogo" ni nomino inayosubiri kukamilishwa: Mgogo gani, wa wapi, mtoto wa nani? Ikiachwa peke yake chini ya sura ya mtu, hugeuka kuwa kibandiko, mithili ya kile kinachowekwa kwenye sanduku la mdudu katika makumbusho. Umoja wa M- haumtaji mtu mmoja tena, bali unataja aina. Tena, desturi hiyo haikuwa ya wote. Gavana au ofisa alitajwa kwa jina na cheo chake. Aliyembebea mzigo alitajwa kwa kabila. Ajabu ni kwamba hata jina lenyewe la Wagogo, kwa mujibu wa masimulizi yaliyoenea, walipewa na Wanyamwezi wa misafara. Mtu aliyepigwa picha alitambulishwa kwa jina la msafiri, na msafiri mwingine akalichapa.

Wapo wanaoshikilia kwamba kadi hizi zisiguswe kabisa, kwa kuwa nyingi zinadhalilisha, hasa picha za wanawake zilizopigwa ili kumfurahisha mnunuzi wa Ulaya. Hoja hiyo ina nguvu pale kadi zinapochapwa upya kwa ajili ya kalenda na maduka ya watalii. Katika nyaraka haina nguvu hiyo. Mkusanyo wa Winterton ulichukuliwa na Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani, mwaka 2002. Hifadhi ya picha ya Jumuiya ya Kikoloni ya Ujerumani iko Frankfurt. Orodha za hifadhi za namna hii hutegemea maelezo ya zamani, nayo hugeuka kuwa ufunguo wa utafutaji. Mjukuu wa Mvumi anayemtafuta babu yake atalazimika kumtafuta kwa kibandiko kile kile alichobandikwa. Kukifuta si dawa, kwani kufuta ni kuharibu ushahidi. Kinachotakiwa ni maelezo ya pili, yawekwe kando ya yale ya kwanza na kuonyesha yametolewa na nani na lini.

Kwamba Wagogo waweza kujieleza si jambo la kubahatisha. Mathias Mnyampala, Mgogo aliyezaliwa mwaka 1917, alichapisha mwaka 1954 kitabu kizima cha Kiswahili juu ya historia, mila na desturi zao. Kazi ya namna hiyo haijafanyiwa picha, na muda unakwisha. Chukua mfano wa kadi yenye kundi la ng'ombe karibu na tembe. Mradi wa HADO, ulioanza mwaka 1973 ili kuzuia mmomonyoko wa udongo mkoani Dodoma, uliondoa mifugo Mvumi mwaka 1986. Aliyekuwa kijana mchungaji mwaka huo sasa amekaribia miaka 60. Wazee waliosimuliwa na babu zao juu ya mambo ya enzi ya Mjerumani ni wachache zaidi. Hao watasoma katika picha hiyo rangi za ng'ombe, mapambo ya masikio, namna ya kusuka nywele na hali ya mlima ulio nyuma, mambo ambayo mchapaji hakuyaona.

Mwanafunzi wa uzamili anayetaka kazi hiyo anaweza kuianza na nakala ishirini za kadi na kinasa sauti, Mvumi Makulu. Sharti moja tu lisipuuzwe: maswali yaulizwe kwanza kwa Kigogo, na Kiswahili kifuate baadaye. Mzee akiulizwa kwa Kiswahili "Huyu ni nani?", yamkini atajibu kwa adabu, "Huyu ni Mgogo."